Fundi Aliyekwangua Namba

Ndugu zangu, leo nawaletea habari ya fundi mmoja. Mtaa wake siutaji, maana nikiutaja tu nusu yenu mtageuka kutazama viti vya nyuma.

Bwana huyu alikuwa karani wa ushirika, lakini ukarani ulikuwa kazi ya mikono tu. Moyo wake ulikuwa kwenye redio mbovu, nyaya na solda ya kuziunganishia. Watu wakitumwa mjini hurudi na sukari na vitenge. Yeye alirudi na mfuko wa vidude vyenye miguu, akavimwaga juu ya meza ya chakula na kuanza kuvipanga. Mkewe alishazoea, akawa anapakua ugali pembeni ya spea.

Siku moja akaamua kutengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Alichukua friji lililokufa, akaliosha, akafunga ndani taa za kutia joto, na juu yake akaweka bodi ya umeme aliyoiunganisha mwenyewe, kidude kwa kidude. Joto likishuka, taa zinawaka zenyewe. Likipanda, zinazimika. Kazi hiyo ilimla miezi minane. Aliunguza spea, akaenda kununua nyingine, akaziunguza na hizo. Na siku vifaranga vya kwanza vilipopasua maganda, mtu mzima yule alikaa sakafuni akalia. Nani hapa atamcheka? Umekaa na kitu kichwani mwako, umekitoa kwa mikono yako, na sasa kinalia piyo piyo mbele yako. Mimi nasema alikuwa na haki kabisa ya kujivuna.

Sifa zikaenea. Watu walikuja kutoka kata za jirani kuiona ile mashine, na kikundi cha akina mama wa kanisani kwao kikaanza kumletea mayai yao ayatotoleshe. Kila mgeni alifunguliwa mlango wa friji, na fundi akasimama pembeni kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Na kila mgeni aliambiwa neno lile lile, kwamba mashine kama hiyo iko moja tu, na anayeijua siri yake ni yeye tu.

Sasa, jirani yake alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa shule. Naye alikuwa na ugonjwa huo huo wa kufungua redio. Akaja alasiri moja, kajifunga khanga yake vizuri, akabisha hodi kwa adabu.

"Kaka yangu," akasema, "nimekuja kukuomba unioneshe ile bodi. Nami natamani nijaribu ya kwangu."

Fundi akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekutazama kutoka juu ya ngazi. Akamwambia mambo haya si ya sufuria na mwiko, na kwamba siri hiyo atakwenda nayo kaburini. Yule mama akashukuru, akaaga, akaenda zake.

Mngedhani yameisha. Lakini fundi hakutulia. Je, mama yule akija siku yeye hayupo? Akichungulia? Mnajua, kila kidude kwenye bodi kimeandikwa namba mgongoni. Bila namba hiyo huwezi kununua kingine kama hicho, kwa sababu kwa macho vinafanana kama punje za pilipili manga. Basi akachukua msasa, akakaa na bodi yake, akakwangua namba zote, moja baada ya nyingine. Akamaliza, akachukua daftari alilochorea kazi nzima, akalitia jikoni likawaka. Akaitazama bodi yake. Ilikuwa nyeusi, safi, haina neno la kumwambia mtu yeyote. Roho yake ikatulia.

Miaka miwili ikapita. Yai la kuku huchukua siku ishirini na moja kuanguliwa. Siku ya kumi na nane, asubuhi, mashine ikiwa na mayai mia mbili na arobaini ya akina mama, fundi akasikia harufu ya kitu kinaungua. Akafungua. Kidude kimoja chenye miguu minane kimepasuka.

Hakuogopa hata kidogo. Yeye si ndiye fundi? Akakichomoa, akamkalisha mkewe mbele ya friji na kipimajoto mkononi, awashe na kuzima taa yeye mwenyewe, naye akapanda gari kwenda mjini. Njiani alikuwa akipiga mluzi.

Muuza spea akakipokea kile kidude, akakigeuza, akakisogeza mwangani.

"Mzee, namba yake iko wapi?"

"Ilifutika."

"Hii haikufutika, imekwanguliwa. Nani kaikwangua?"

Fundi akatazama kabati nyuma ya yule muuzaji. Lilikuwa na vidroo zaidi ya mia, na kila kidroo kimejaa vidude vyeusi vyenye miguu. Akajaribu kukumbuka. Kichwani mlikuwa na miezi minane ya kujaribu na kuunguza, na ndani yake hamkuwa na namba hata moja.

"Ni mimi," akasema.

Muuzaji akamhurumia. Akamwambia anaweza kumuundia bodi nyingine, ila lazima aanze upya, na itachukua siku nne. Fundi akahesabu siku, akaona mayai hayatafika. Ndipo muuzaji akamuuliza anatoka wapi, na alipotajiwa, uso ukamkunjuka. "Huko kwenu si kuna mama mmoja alikuwa mpishi wa shule? Alikuja hapa na maswali yake mpaka nikamchorea kwenye karatasi. Mashine yake inafanya kazi vizuri. Nenda kwake."

Ndugu zangu, safari ile ya kurudi ilikuwa ndefu. Alimkuta mkewe macho mekundu, joto linapanda na kushuka. Akavuka ua, akabisha hodi kwa yule mama, amejiandaa kwa maneno yote anayostahili kuambiwa.

Mama akamuuliza mambo mawili tu: mayai mangapi, na leo ni siku ya ngapi. Kisha akasema ya kwake inachukua mayai sitini.

Fundi akapiga hesabu. Sitini yatapona, na mia na themanini yatakufa, tena si mayai yake, ni ya akina mama waliomwamini. Lakini mama alikuwa ameshachukua simu anapiga. Alikuwa amewaonesha wenzake watatu jinsi ya kutengeneza, na kila mmoja ana mashine kwake. Saa moja haikupita, wakafika na maboksi na khanga nzito. Wakayabeba mayai mikononi, sitini nyumba hii, sitini nyumba ile, mpaka friji la fundi likabaki tupu.

Katika nyumba ya mwisho fundi akainama kutazama mashine ya mle. Ilikuwa na kitu ambacho ya kwake haikuwa nacho: kimota cha feni mbovu kilichogeuza mayai chenyewe. Akauliza nani amebuni hicho.

"Binti huyu hapa," mama akasema. "Mimi nilimwonesha yangu tu, yeye akaongeza kichwa chake. Amenishinda." Na alilisema hilo kidevu juu, kwa fahari ambayo fundi, pamoja na sifa zote za kata tatu, hakuwahi kuionja.

Wapendwa, sikuja kuwakataza fahari. Aliyetuumba na mikono hii anafurahi tunapotengeneza kitu kikafanya kazi. Nauliza tu: fahari ipi? Fundi alijivunia kwamba iko moja. Mama alijivunia kwamba ziko nne. Na yule mama naye angeshika msasa, mayai yale yangeingia wapi?

Sisi tunakwangua nini? Wewe unayejua kushona, unayejua dawa ya mifugo, unayeomba vizuri watu wakatoa machozi, ukiulizwa unafanyaje, unajibu au unatabasamu ukiwa juu ya ngazi? Wewe uliyeongoza kwaya miaka ishirini, ukiugua kesho nani atainua mkono waimbe? Tunaficha tukidhani tunawaficha jirani. Kumbe tunajificha wenyewe, tutakuja kusimama mbele ya kaunta tunaulizwa swali, na jibu tulilikwangua sisi.

Basi nendeni nyumbani na swali moja, kila mtu ajijibu moyoni, asimtazame wa pembeni: ni lini mara ya mwisho ulimwonesha mtu kwa kidole, kidevu chako kikiwa juu, ukasema, "Huyu amenishinda, na ni mimi niliyemfundisha"?