Bi Furu na Mdomo Uliojaa

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa ziwa.
— Lina nani?
Lina Sangara, na Sangara ana tumbo.
— Tumbo hilo, tulisikie.

Basi. Sangara alikuwa samaki mkubwa, na kazi yake ilikuwa kula. Akawakuta furu, wale samaki wadogo, wavunja konokono. Lapu! Akawameza, konokono wakajaa ziwani. Akawakuta furu wakwangua mwani kwenye mawe. Lapu! Mwani ukajaa, maji yakawa kama mlenda. Sangara akatazama, akasema, "Ziwa hili linatunzwa vibaya."

Katika wakwangua mwani alibaki mmoja tu, Bi Furu, na wanawe mdomoni. Furu hulea hivyo: mama huwafumbata mdomoni mpaka wapate nguvu, hali, hasemi. Akiwatema wanaliwa, na ukoo umekwisha. Mimi ningekuwa yeye ningelia.

Sangara akamkuta. Alikuwa na desturi, kabla ya kumla mtu lazima aamkiwe.

"We binti, huamkii wakubwa?"
"Mm."
"Una nini mdomoni? Chakula?"
Bi Furu akafikiri kidogo. "Mm."
"Kipo kingine ulikokitoa?"
"Mm."

Sangara akaona akimla sasa hivi, ghala litampotea. "Tangulia," akasema.

Bi Furu akaelekea kwenye mafunjo. Humo maji yamelala, meusi, hewa haba. Furu wamezoea. Sangara hajazoea, ila tumbo halikumkumbusha.

"Ni hapa?"
"Mm." Wakaingia.
"Bado mbele?"
"Mm." Wakaingia tena.
"Mbona hewa..."
"Mm." Wakaingia tena.

Sangara akanasa kwenye mizizi. Mashavu yake hwe, hwe, hwe.

Ndipo Bi Furu akawatema wanawe taratibu, akanyoosha taya, akasema, "Shikamoo, mjomba. Uniwie radhi sikukuamkia, nilikuwa na watoto mdomoni. Habari za huko kwenye maji makubwa?"

Sangara alitaka kusema marahaba. Ikatoka, "Mm." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho.

Watoto wakakua, wakarudi kwenye mawe, wakaanza kukwangua. Siku hizi ukisimama majini ukainama, unaona miguu yako.

Hadithi yangu nimeiacha kwenye mafunjo. Anayeitaka akaichukue, ila avute pumzi kwanza.

Na funzo ni hili, watoto: mkubwa akikuuliza, jibu kwa maneno. Kuguna hakujawahi kumfaa mtu. Mmenielewa?
— Mm.