Mawe ya Ndiva ya Kighongwe

Asiyepingwa habebi jiwe. Jana mliisikia methali hiyo mkutanoni, mkacheka, mkauliza uchaguzi na mawe vimejuana wapi. Haya, sogeeni, na wewe uliye mlangoni funga, ukungu unaingia. Chimbuko lake ni hili.

Kule Kighongwe, juu kabisa milimani Upareni, ambako ukungu hushuka asubuhi ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga, kulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya kijito, kisha yafunguliwe yateremke mashambani. Ukuta wake ulikuwa wa mawe na udongo, na kila masika mvua iliulamba kidogo. Na jiwe la ndiva haliokotwi njiani. Hutoka mlangoni mwa mtu.

Ndipo desturi ikawa hivi: anayegombea udiwani hupita nyumba kwa nyumba na kikapu mgongoni. Akiomba kura, husimuliwa shida ya nyumba ile, kisha hupewa jiwe moja alibebe. Kura zikishahesabiwa, aliyeshinda na aliyeshindwa wote huyamwaga mawe yao ukutani.

Mbonea aliupata udiwani hivyo, kwa kikapu kizito na mabega yaliyochubuka. Uchaguzi uliofuata hakuna mwingine aliyechukua fomu. Akapita bila kupingwa. Akapita tena, na tena mara ya tatu. Kila akirudi nyumbani siku hiyo huvua viatu, akanywa uji wake, akasikia raha laini kama ya mtu anayeota anaruka bila mabawa. "Watu wananipenda," hujiambia. Kikapu kikaning'inia darini, kuku akataga humo.

Miaka ishirini ikaisha. Uchaguzi mwingine ukikaribia, maji yakakoma kufika mashamba ya chini. Mahindi yalikuwa kimo cha goti; yangeweza kuvumilia mwezi mmoja, si zaidi. Mbonea akapanda ndivani, akakuta ukuta umekonda kama mgonjwa, maji yanapenya kimya kimya. Akapiga baragumu. Watu wakatokea ukunguni mmoja mmoja, majembe begani.

"Udongo tumeleta," wakasema. "Mawe, diwani?"

Akaenda kukung'uta manyoya ya kuku kikapuni, akabisha mlango wa kwanza. Mwenye nyumba, Mzee Kihedu, akamtazama juu hadi chini.

"Unaomba nini?"

"Jiwe la ndiva."

"Jiwe hupewa mwomba kura. Na wewe kura yangu ya nini? Hakuna mwingine aliyechukua fomu, umeshapita!"

Nyumba zote zilijibu hivyo hivyo. Mbonea akarudi ndivani na kikapu kitupu, akamkuta Namsifu, mjane wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa maji.

"Kitendawili," akasema Namsifu.

"Shemeji, wakati huu?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nashindana naye mbio tangu utotoni, sijamwacha nyuma, wala hajaniacha."

"Kivuli."

"Basi ndiye unayegombea naye miaka yote hii. Na leo kwa ukungu huu, hata huyo hayupo."

Mbonea akatazama miguuni pake. Kweli, palikuwa patupu. Akaketi ukutani, maji yakimlowesha nguo asijali.

"Fomu zinafungwa kesho saa kumi," akasema polepole. "Kachukue."

"Mimi? Nikikushinda?"

Mbonea akausikia ule uji wake wa raha ukipoa. "Utakuwa umebeba mawe."

"Nitakushinda kweli, shemeji. Mimi nagawa maji; kila nyumba naijua, na matusi yake nayajua."

"Kachukue, kabla sijageuza moyo."

Wiki tatu wakapanda na kushuka ndani ya ukungu, kila mmoja na kikapu chake. Walipopishana hawakuonana, kila mmoja alisikia tu mawe ya mwenzake yakigongana, ko, ko, ko, kana kwamba mlima unatembea.

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Bibi Nakiete.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi, diwani wako."

"Marahaba. Nilidhani umekufa."

Akamwonyesha goti lililopinda. Alianguka njia ya chemchemi mwaka juzi, na Mbonea hakuwa na habari. Kisha akamletea mawe manne.

"Bibi, kila nyumba hutoa moja."

"Moja la leo. Matatu ya zile chaguzi ulizolala. Inama nikupakie."

Akainama.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Namsifu. Akaomba kura, akapewa jiwe. Kesho yake Namsifu akaja kwake, naye akampa lake.

Namsifu alishinda kwa kura kumi na moja. Siku hiyo hiyo wakamwaga mawe, watu wakapiga udongo, na hakuna aliyeweza tena kusema lipi la nani. Maji yakaanza kupanda, taratibu, kama mtu anayeamka.

"Pole, Mbonea," akamtania Mzee Kihedu. "Leo umepingwa!"

Jua likatoboa ukungu. Kivuli cha Mbonea kikalala juu ya maji, kando ya cha Namsifu. Akakitazama, tope magotini, mabega yamechubuka kama ya ujana wake, akacheka.

"Afadhali, Kihedu. Asiyepingwa habebi jiwe."