Boti ya Tatu

Huku Kampala minazi haioti. Hata hivyo, katika kambi za askari pale Luzira, ambako Kiswahili ni lugha ya gwaride na ya uani pia, hakuna mtoto asiyejua kwamba mchagua nazi hupata koroma. Maana yake ni kuwa mtu abaguaye mno, akaiacha hii kwa doa na ile kwa kovu, mwishowe huangukia kitu kibichi kisichofaa kwa tui wala kwa kunywa. Ochan aliijua methali hiyo tangu utotoni. Aliwahi hata kumtania nayo dada yake aliyekuwa akikataa wachumba. Hakudhani kuwa ingekuja kumhusu yeye.

Ochan alikuwa sajini mstaafu wa polisi wa majini. Utumishi ulimfunza mengi, ila haukumpa nafasi ya kuchagua. Buti alipewa, nyumba alipewa, uhamisho alipewa, na boti aliyoikuta gatini asubuhi ndiyo aliyoiendesha, iwe nzima au mbovu. Alipostaafu, yeye na Okwir, fundi wa injini aliyekuwa mwenzake kazini, waliunganisha viinua mgongo vyao ili wanunue boti yao wenyewe. Siku za kazi wangekokota mashua za mizigo zinazoharibikiwa kati ya visiwa na Port Bell, bandari iliyo jirani na Luzira, na mwisho wa wiki wangewavuta watalii wanaoteleza juu ya maji kwa mbao miguuni. Boti ya kazi hiyo haina budi iwe na mbio, ihimili mawimbi na iwe na nguvu ya kuvuta. Boti nyingi zina moja au mawili kati ya hayo; zenye yote matatu ni adimu kama maziwa ya kuku.

"Omera, wewe ndiye mwenye mikono ya usukani," Okwir alimwambia, akimwita ndugu kama wafanyavyo watu wa kwao kaskazini. "Chagua wewe. Mimi nitaitazama injini tu."

Boti ya kwanza waliiona papo hapo Port Bell. Ilikuwa mali ya kampuni moja ya samaki iliyokuwa ikifunga shughuli zake. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imebabuka, lakini tumbo lake lilichongoka kama jembe la plau, kuta zake zilikuwa ndefu, na katikati, mbele ya injini zake mbili, palisimama mti wa chuma wa kufungia kamba ya kukokotea. Ochan aliitoa nje ya ghuba upepo ukivuma, makusudi, ili aionje hasira ya ziwa. Mawimbi yalikuja kama ng'ombe waliokata kamba. Boti iliyapasua moja baada ya jingine bila kurukaruka. Kisha wakaifungia mashua iliyojaa mchanga. Ikaivuta, na hata ilipokata kona mkia wake haukudidimia. Okwir, mtu asiye na maneno mengi, alijipangusa maji usoni akacheka.

"Hii ndiyo yetu," alisema.

"Usukani wake mzito kidogo," Ochan alijibu.

"Nitaulainisha."

"Na sura imezeeka. Tusiwe na pupa. Ziwa halihami."

Kilichomzuia Ochan hasa hakikuwa usukani. Wakala wa kampuni ile alikuwa amemwita afande, akamletea kiti na soda baridi, akamsikiliza akieleza habari za mawimbi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Katika maisha yake yote Ochan alikuwa amepiga saluti; hakuwahi kubembelezwa. Kumbe kubembelezwa ni kutamu. Akaanza kuzunguka kutoka mwalo hadi mwalo, kila boti zinapoegeshwa, Ggaba leo, Entebbe kesho, na kila alipofika alipewa kiti, akakaangiwa samaki, akaombwa atoe neno lake. Kila boti aliifanyia jaribio, na kila boti aliipata na ila. Hii ilirusha maji hadi kwenye usukani. Ile ilikuwa na kiti cha chini mno. Huko Ggaba aliipata moja iliyokuwa nzuri karibu sawa na ile ya kwanza, naye akamwambia mwenyewe asubiri kidogo.

Akot, mkewe, aliyekuwa na kibanda cha chakula karibu na geti la kambi, aliyaona hayo yote. Jioni moja, akimenya ndizi, akanena.

"Baba Bonny, wewe hutafuti tena boti. Unatafuta kuitwa afande."

"Nimeendesha vya kupewa maisha yangu yote," Ochan alisema. "Niache nichague mara hii moja."

"Chagua basi. Ila ukichagua, chukua."

Hakuchukua. Siku hazigandi. Habari zikaja kwamba ile boti ya kijivu imenunuliwa na Nuriat, mfanyabiashara wa jumla wa soko la Kikuubo anayepeleka bidhaa visiwani. Alifika, akaitazama, akauliza inavuta mzigo kiasi gani, akaondoka nayo. Ochan alikimbilia Ggaba, naye akakuta mwenye boti ya pili amechoka kusubiri na ameiuza. Pale mwaloni watu wakaanza kumwita bwana harusi, kwa kuwa kila siku alikuwa akitafuta bibi na kila siku alilala peke yake. Okwir hakumlaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama wangefika msimu wa watalii wakiwa na chombo chochote.

Kejeli ile ilimuuma Ochan kama siafu ndani ya soksi. Ndipo aliposikia kwamba huko Munyonyo kuna tajiri kijana anayeuza boti ya starehe. Ilikuwa nyeupe yenye mistari myekundu, viti vya ngozi, injini moja kubwa inayonguruma kama simba. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Ochan aliizungusha ndani ya ghuba, ikaruka kama mbayuwayu, na watu waliokuwa ufukweni wakasimama kutazama. Yeye aliyezikataa boti nzima kwa ajili ya usukani na kiti, siku hiyo hakuomba kuipeleka nje kwenye mawimbi. Okwir aliinama, akapapasa tumbo lake kwa kiganja.

"Bapa sana hili," alisema. "Na kamba tutaifunga wapi? Hapa mkiani kuna pete ya kumvutia mtu mmoja tu."

"Tutaitengeneza baadaye," Ochan alisema. "Nimechoka kuchekwa."

Basi wakainunua. Kwa watalii ilifaa; siku za utulivu iliwavuta hadi wakapiga mayowe ya furaha. Habari ya kuitengeneza ikasahauliwa.

Mvua za masika zilipoanza, alasiri moja simu ya Okwir iliita. Mashua iliyotoka kisiwa cha Koome, imejaa wachuuzi na magunia ya dagaa, imezimikiwa na injini mdomoni mwa ghuba, na upepo unaisukuma kuelekea miambani. Wakatoka mbio. Walipouacha tu ukingo wa ghuba, boti ya tatu ilionyesha tabia yake. Kila wimbi iliruka, na kila iliposhuka tumbo lake bapa liliyapiga maji kofi, hata meno yao yakagongana. Walifika wameloa chapachapa. Okwir aliwarushia watu wa mashua kamba, na mwisho wake mwingine akaufunga kwenye ile pete ya mkiani, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Wakaishikilia mashua, pua zote mbili zikiutazama upepo.

"Omera, tusiwakokote," Okwir alipaza sauti. "Tuwashikilie hivi hivi tu, wasifike miambani. Nimempigia Nuriat. Boti yake iko njiani, haiko mbali."

"Boti gani?"

Okwir alimtazama. "Unaijua."

Ochan alihisi uso ukimchoma, baridi yote ile ya mvua na upepo ikiwa bure. Mle ndani ya mashua kulikuwa na watu wa mwaloni waliomjua kwa jina. "Watu hawa wote wanione nikisubiri chombo nilichokikataa kije kinifanyie kazi yangu?"

"Wakuone. Bora wawe hai."

Ochan alishika usukani. Aligeuza pua kuelekea Port Bell, mawimbi yakabaki nyuma yao, akasukuma mkono wa mafuta ili aongeze mwendo. Kamba ikakaza. Mashua nzito ikauvuta mkia wa boti chini, na wimbi la kwanza likaingia kwa nyuma kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Injini ikakohoa. Okwir alichomoa kisu akatambaa hadi mkiani ili aikate kamba. Alikuwa ameanza kuikata wimbi la pili lilipokuja. Boti ikajaa, ikalala ubavu, ikapinduka.

Ochan aliibuka. Jaketi la kuokolea lilimbeba kama gome. Okwir naye alikuwa amevaa lake, lakini kamba ilikuwa imemzunguka mguu, na boti ilikuwa juu yake. Ochan alijaribu kupiga mbizi amfuate. Jaketi lililomwokoa ndilo lililomkatalia kushuka. Alihangaika na vifungo vyake, vidole vimekufa ganzi, akiita jina la mwenzake ndani ya maji, huku wanawake wa kwenye mashua wakilia juu yake.

Boti ya Nuriat ilifika muda si mrefu. Faruk, aliyekuwa usukanini, alimvuta Ochan juu kwa ukosi, akawatuma watu wake majini mara tatu, nao wakarudi mikono mitupu. Mashua ilikuwa inakaribia miamba. Ikabidi aikate kamba ya zamani, afunge nyingine kwenye ule mti wa katikati, na kuanza kuikokota. Ochan alilala sakafuni. Aliyahisi mawimbi yakipasuliwa chini ya mgongo wake, moja baada ya jingine, na boti ikienda bila kishindo. Watu wote wa mashua walifika salama.

Mwili wa Okwir wavuvi waliupata baadaye kwenye magugumaji. Kabla haujasafirishwa kwenda Lira, kwao kaskazini, watu walikusanyika Luzira kuomboleza. Aol, mjane wake, alikuwa ameketi mkekani. Ochan alipoinama kumpa pole, Aol hakupiga kelele wala hakumwondolea mkono wake.

"Shemeji," alisema, "marehemu aliniambia ile boti ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kasoro gani?"

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka kumtazama Ochan.

"Usukani wake ulikuwa mzito kidogo."

Aol alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia ya kwenda sokoni. "Mzito kidogo," alisema. Kisha akaugeuza uso wake upande wa jeneza, na tangu hapo hakumsemesha tena.

Baada ya maziko Aol alirudi Luzira kufunga vyombo vyake, akawachukua watoto kuwarudisha kaskazini, maana Kampala hapakuwa tena na mtu wa kuwalisha. Siku ya safari Akot alikwenda kumsaidia. Ochan aliwafuata nyuma hadi kwenye kituo cha mabasi. Alinyoosha mkono kuchukua mfuko mmoja. Aol aliuvuta akampa Akot. Ochan alipojaribu kuwaaga watoto, wa kwanza alijificha nyuma ya mama yake, na wale wadogo wakamwiga. Basi likaondoka. Akot alianza kurudi nyumbani bila kumngoja mumewe, naye Ochan akabaki amesimama palepale, abiria wengine wakimpiga vikumbo na kumwambia apishe njia.

Methali ilikwisha kutoa hukumu yake: mchagua nazi hupata koroma, na pengine anayelila koroma hilo ni mwenzake.