Kibubu Kilipokuwa na Ulimi

Sogeeni, ngano imeiva. Mwenye sikio na alitege.

Hapo kale Mwatumu, muuza vitumbua, pesa zilimyeyuka mkononi kila siku. Zimwi mfinyanzi lililopenda vitumbua vyake likampa chungu kidogo chenye tundu la kutumbukizia sarafu. "Kilishe," likasema, "ila kina ulimi."

Jioni akatumbukiza sarafu. Chungu kikauliza, "Ya nini?"

"Ya doti ya kanga, nimkomeshe jirani yangu."

Ptuu! Kikaitema.

Kesho yake: "Ya nini?"

"Ya kuweka tu."

Ptuu!

Siku ya tatu Mwatumu akapandwa na hasira. "Ya kumlipa mwalimu, wewe! Nijue kusoma. Nimechoka kusomewa na jirani barua za mwanangu, anazicheka kabla sijazisikia!"

Sarafu ikashuka, na chungu hakikutamka neno tena. Mwatumu akakilisha mpaka kikajaa, akakivunja, akaenda kwa mwalimu. Akaja kuisoma mwenyewe barua ya mwanawe, mlango ameufunga.

Tangu hapo vyungu hivyo ni mabubu, ndiyo maana tunaviita vibubu. Lile swali, sasa mtajiuliza wenyewe.