Nguchiro na Kisanduku cha Mtoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, kila mmoja na mlango wake na jiko lake, palikuwa na mto uliofurika ghafla kila masika. Sikilizeni vizuri, maana nawasimulia kama nilivyosimuliwa, bila kutia chumvi.

Nguchiro alikaa karibu kabisa na mto, yeye na wanawe watatu. Masika moja, Tembo aliona maji yanapanda, akapiga mbiu kwa Kitembo. Wana wa Nguchiro hawakuelewa hata neno moja. Yule mdogo alitolewa majini kwa kuvutwa mkia.

Basi Kakakuona, fundi wa kijiji, akatengeneza kisanduku kinachosema, kitundikwe nguzoni mtoni. Maji yakipanda, kipige kelele chenyewe. Kila ukoo uliambiwa ulete lugha yake katika kifurushi, na juu yake kibandiko kinachotaja vitu vya kuandamana nacho.

"Sharti langu ni moja," alisema Kakakuona. "Kibandiko kikitaja kitu, sifungi kifuniko mpaka kitu hicho kiwemo."

Vifurushi vikaja vitatu: cha Tembo, cha Kiboko na cha Nguchiro. Kakakuona akavipanga, akabana kifuniko. Pwaa! Kikaruka.

"Havienei," alisema. "Kimoja kitoke."

"Cha Nguchiro!" akasema Tembo. "Lugha ya watu wanne tu!"

"Kweli kabisa, ndugu yangu," Kiboko akaitikia.

Nguchiro akamkumbuka mwanawe akitapika maji. Lakini akatabasamu.

"Shikamooni, wazee wangu. Kabla hamjanitoa, niwapangieni mizigo yenu. Lo! Bwana Kiboko, umeweka filimbi humu? Na kengele?"

"Marahaba. Ndiyo. Filimbi ya kuamshia watu, kengele ya kuhesabia pima za maji."

"Na Bwana Tembo naye anazo zilezile! Jamani, aibu gani hii? Waheshimiwa wenye miili kama hii kubeba filimbi, kama watoto wa shule?"

Kiboko akalitazama tumbo lake. "Hata mimi niliona haipendezi."

"Nipeni mimi mdogo. Filimbi moja na kengele moja zinatutosha sote. Ninyi bakini na maneno yenu mazito."

"Chukua, chukua!"

"Basi nitaandika kwenye vibandiko vyenu kwamba vitu hivyo viko kwangu. Niwasomee?"

"Aa, maandishi yenyewe kama siafu!" Tembo alipiga miayo. "Andika tu, mama."

Nguchiro akaandika, kwa mwandiko safi, juu ya vyote viwili: *Kiandamane na kifurushi cha Nguchiro, chenye filimbi na kengele.*

Mizigo ikapungua kweli. Kakakuona akapanga tena, vyote vitatu vikaenea. Lakini Tembo alipoona hivyo, tamaa ikamshika.

"Fundi, kitoe cha Nguchiro! Nataka kuongeza sifa za babu zangu kumi na wawili."

Kakakuona akakitoa. Akashika cha Tembo, akasoma kibandiko, akakiweka chini.

"Hiki hakiingii peke yake."

"Anza na cha Kiboko, basi!"

"Nacho vilevile. Kinamtaka Nguchiro."

"Nani kaandika hivyo?"

"Mimi," alisema Nguchiro. "Nilitaka kuwasomea, mkapiga miayo."

"Upuuzi! Kijaribu hivyo hivyo!"

Kakakuona akatia cha Tembo kisandukuni, kifuniko kikiwa wazi, akajaribu. Kisanduku kikakohoa: kh... kh... kh... Kimya.

"Hao babu zako, Bwana Tembo," akauliza Nguchiro, "watamwamsha nani bila filimbi?"

"Rudisha cha Nguchiro!" Kiboko akapiga kelele. "Mimi nalala kama gogo! Nitaamka niko baharini, bado niko kitandani!"

Watu wakacheka, na Tembo mwenyewe masikio yakamlegea. Kifurushi kikarudishwa. Kifuniko kikafungika: taf!

Masika yalipofika, asubuhi moja mto ukavimba. Fiiii! Ting, ting, ting! Kisanduku kikasema kwa Kitembo, kikasema kwa Kikiboko, kisha kwa Kinguchiro safi: "Pima tatu! Pandeni mlimani!"

Wana wa Nguchiro wakapanda, yule mdogo akiwa mbele, mkia juu, mkavu kabisa.

Basi, watoto wangu: ukimwachia mwenzako kazi unayoidharau, usidhani utaweza kumwacha nyuma.