Bibi Pimbi na Nyayo za Tembo

Njia!

*Ipitike!*

Nasema njia!

*Ipitike, mama!*

Na ikipitika?

*Tutafika!*

Haya, wanangu wa barabara, kaeni. Mwenye kofia ngumu aikalie, asiye nayo akalie ndoo. Wali unajiiva wenyewe hapo jikoni.

Kabla sijaanza, kuna jambo limenikaa kooni. Juzi niliwapakulia maharage matupu nikawaambia nyama imeisha. Haikuisha. Nilikuwa nimeifunga kwenye majani ya mgomba na kuitia kikapuni, nampelekea mwanangu Kalunde kule ng'ambo ya mbuga. Amejifungua, na mzazi halishwi maharage matupu. Nikafika pale mlipochimba lile shimo la kalavati, la kupitishia maji chini ya barabara, mkaliacha. Shimo limekata njia yote, na tangu mvua ya wiki iliyopita kulia ni tope, kushoto ni tope. Nikasimama na kikapu kichwani mpaka shingo ikauma, kisha nikarudi. Nyama ikaharibika, nikawapa mbwa. Mungu aliniona siku ile ile, nanyi mmejua leo. Mnisamehe.

Na hili la pili nalo mnisamehe. Wakubwa walituambia ngano haisimuliwi mchana, eti msimuliaji huota mkia. Nikiota nitaufunga na kanga.

Sasa sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na vilima viwili vya mawe, na katikati yake mbuga ya udongo mweusi. Udongo ule mnaujua, si wa kuaminika. Masika unavimba, unakuwa tope la kumeza kiumbe mzima. Kiangazi unapasuka nyufa, na kiumbe mdogo akitumbukia humo hatoki tena.

Kwenye kilima cha huku aliishi Bibi Pimbi. Mdogo tu, mnene kama mkate, hana mkia. Kwenye kilima cha kule aliolewa binti yake wa pekee.

Aliyeweza kuvuka mbuga ile alikuwa mmoja tu, Bwana Tembo. Masika alipita, kiangazi alipita. Basi akajifanya ndiye mwenye mbuga. Ukitaka kuvuka, unapanda mgongoni kwake, na nauli yake ni makuyu. Kule juu ya kilima cha Bibi Pimbi, kwenye ufa wa jiwe, uliota mkuyu mkubwa uliozaa sana. Tembo hakuweza kupanda mawe, kwa hiyo pimbi walimtupia makuyu chini. Siku ya harusi alimvusha bibi harusi, akala makuyu ya mkuyu mzima. Akala mpaka mabichi.

Tangu siku ile, kila jua likizama, Bibi Pimbi alikaa juu ya jiwe lake akaita:

"Mwanangu weee! Mwanangu weee!"

Na kule ng'ambo, mbali, sauti ikaitika:

"Niko mamaaa! Niko!"

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Huwezi kumpigia mtu kelele za mbali ukamwambia mguu unauma, au umemwota. Unamwita tu, naye anaitika, kisha kila mmoja anaingia kwenye pango lake.

Siku moja sauti ya ng'ambo ikaja imebadilika. Nyembamba, imepanda juu, kama imeminywa.

"Niko bibiii" au "mamaaa", upepo ukaipeleka kando, hata hakusikia vizuri.

Bibi Pimbi hakulala. Akasema, "Mwanangu anaumwa. Sauti ile si yake ya kawaida."

Asubuhi akamfuata Tembo.

"Bwana Tembo, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na makuyu?"

"Mkuyu ndio kwanza umeanza kuzaa, Bwana. Nivushe nikamwone mwanangu. Yakiiva nitakulipa."

Tembo akacheka, masikio yakampepea. "Yakiiva njoo. Nitakula yote, halafu nitafikiria."

"Utafikiria?"

"Nikishiba huwa nasinzia, bibi. Na wewe una haraka ya nini? Mbuga haiendi popote."

Bibi Pimbi akarudi nyumbani, akawaita pimbi wote wa kilima kile. "Tutajenga njia," akasema.

Wakaanza. Wakachimba udongo ule ule mweusi wa mbuga, wakaurundika tuta refu, siku hiyo hiyo, wote kwa mara moja. Wakashangilia. Asubuhi tuta limepasuka pa! pa! pa! mpaka mpwa wake mmoja akaingia kwenye ufa, wakamtoa kwa kuvuta masikio. Mnacheka? Hata nyinyi mwaka juzi mlirundika hivyo hivyo pale shuleni. Mimi niliona.

Bibi Pimbi akakaa juu ya jiwe lake akawaza. Mvua ikinyesha kilimani, miguu yake hailowi. Kwa nini? Kwa sababu jiwe halivimbi, na maji yanateremka yakaenda zake. Akasema, "Udongo wa mbuga tuuache. Tulete kilima chini."

Wakabingirisha mawe makubwa, gubu! gubu! gubu! Juu yake kokoto, karakara karakara! Juu yake changarawe nyekundu, chwaa! Wakaipanga kuanzia kilima cha huku mpaka kilima cha kule, kwa siku nyingi, jua linawapiga na tai anawazungukia juu. Waliofika ng'ambo, kwa hofu ya tai, walimwaga kokoto za mwisho wakarudi mbio bila kupiga hodi. Bibi Pimbi mwenyewe alikuwa amechoka, miguu haifiki mbali kwenye mawe malegevu. Kila hatua changarawe inateleza, anaingia mpaka tumboni.

Ikabaki kazi moja, ya kushindilia. Pimbi wakapanda juu wakaruka. Ti ti ti ti! Changarawe haikusikia kitu. Ni kama kuku anaparua. Mawe walikuwa nayo, uzito hawakuwa nao. Na mawingu ya kwanza yalishaanza kukusanyika.

Makuyu nayo yakaiva.

Bibi Pimbi akaenda tena kwa Tembo. Safari hii mikono nyuma.

"Bwana Tembo, shikamoo."

"Marahaba. Nasikia harufu ya makuyu."

"Pole sana, Bwana."

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Ya huo ugonjwa. Watu wanasema umekonda."

"Nani amekonda?"

"Mimi niliwabishia. Wanasema Tembo wa siku hizi akikanyaga hata alama haachi. Wanasema ni ngozi na upepo."

Tembo akasimama. "Mimi? Upepo?"

"Ndipo nikaweka dau makuyu yangu. Nikasema, twendeni pale penye changarawe, Bwana Tembo akanyage. Unyayo ukizama, kikapu cha makuyu chake. Usipozama, hapati kitu, na mimi nitafunga mdomo kwa aibu."

"Kila unyayo kikapu?"

"Kila unyayo."

"Nina miguu minne, bibi."

"Ndiyo maana nilikubishania."

Tembo akaenda. Akainua mguu, akakanyaga. NDI! Unyayo ukazama. Bibi Pimbi akasema, "Kula." Tembo akala, nyamu nyamu nyamu.

Pimbi wakaja mbio, wakajaza kokoto na changarawe pale palipozama.

"Mbona mnafukia?" Tembo akauliza mdomo umejaa.

"Ili ukanyage tena, Bwana. Au umeshiba?"

"Nani ameshiba?"

Akakanyaga. NDI! Unyayo ukazama. "Kula." Akala, nyamu nyamu nyamu. Wakajaza. Akakanyaga. NDI! "Kula." Nyamu nyamu nyamu. Wakajaza.

Vumbi likatimka. Bibi Pimbi akakohoa. "Bwana, vumbi linaingia kwenye makuyu yako."

Tembo akaenda bwawani, akajaza mkonga, akarudi, fwaaaa! akanyunyiza. Bibi Pimbi akachota changarawe, akaifinya mkononi. Ikamwagika. "Bado vumbi, Bwana." Fwaaaa! Akafinya tena. Ikakaa donge, haikuchuruzika maji. "Hapo hapo, Bwana. Usiongeze. Sasa kanyaga."

NDI! Lakini sasa unyayo ulizama kidogo tu. Kikapu kimoja. Tembo akasogea mbele, akakanyaga. Akasogea, akakanyaga. Akaona kandokando kuna ulaini zaidi, akazikanyaga kando zote mbili, huku kando na kule kando, zikashuka, katikati pakabaki pameinuka kama mgongo wa kobe. Hakuna aliyemwambia. Tumbo ndilo lililomwambia.

Kisha nyayo zikaanza kukataa. TI! Akakanyaga. TI! Akaruka. TI!

"Mbona hauzami?" Tembo akalalamika.

"Huo ndio ule upepo wanaousema, Bwana."

Tembo akanuna. Akafikiri. Akaenda msituni, akang'oa gogo kubwa lenye tundu ndani, mwisho hadi mwisho, akalibeba kwa mkonga. "Nimeongeza uzito," akasema. Akatembea nalo, TI! TI! TI! Akafika katikati ya mbuga, mahali ambapo maji ya masika hupita kila mwaka. Pale bado palikuwa laini, na pimbi walijaza kila siku na kila siku palititia. Akakanyaga, NDI! akafurahi, akaliachia gogo ili achukue kikapu. Gubu! Gogo likalala kwenye mkondo, tundu moja upande huu, tundu moja upande ule. Pimbi wakaangaliana. Wakalifukia haraka, kokoto, changarawe, wakamnyunyizia Tembo sifa:

"Hapa hapa, Bwana! Hapa uliacha alama!"

Akapakanyaga pale mpaka napo pakakataa. TI!

Tembo akatafuta kutoka kilima hiki mpaka kilima kile, ananusa, anagonga, anaruka. Hakuna unyayo. Barabara imelala kama jiwe moja refu, na mkuyu kule juu umebaki na makuyu ya kutosha. Tone la kwanza la mvua likamdondokea sikioni.

"Haya," akasema, "nimekubali, nimekonda. Lakini mvua imekuja, na wewe una mwanao ng'ambo. Nipe makuyu yaliyobaki, panda mgongoni."

"Asante, Bwana," Bibi Pimbi akasema. "Leo nitatembea."

Tembo akatazama chini, akaitazama ile barabara yote. Kisha akasema polepole, "Bibi. Hii ni miguu yangu."

"Ndiyo, Bwana. Ni kazi nzuri. Mungu akulipe."

Akatembea. Mvua ikamnyeshea, maji yakateremka kulia na kushoto, miguu yake ikabaki mikavu kama yuko nyumbani. Katikati akasikia maji yanapita chini yake, ndani ya gogo, guru guru guru, yanakwenda zake. Akatembea mpaka kilima cha kule. Jua lilikuwa linazama. Akasimama chini ya mawe, akaita, kwa mazoea, kwa sauti ile ile ya mbali:

"Mwanangu weee!"

Na juu yake, karibu kabisa, ile sauti nyembamba ikaitika:

"Niko bibiii! Niko!"

Akatazama. Juu ya jiwe amekaa pimbi mdogo, bado ana manyoya ya utoto. Na nyuma yake amekaa binti yake, mzima, machozi yanamtoka, mdomo anaufungua lakini sauti haitoki.

Yule mdogo akasema, "Mama amekauka sauti kwa kukuita. Sasa ananigusa begani, naitika mimi."

Bibi Pimbi akapanda. Akamshika mwanawe. Mambo yote aliyoyaweka ya kumwambia, ya mguu, ya ndoto, ya mpwa aliyevutwa masikio, yote yakapotea. Wakakaa tu, wamegusana mabega, mvua inanyesha. Tangu siku ile vilima vile havikusikika tena jioni. Waliozoea kusikia wakauliza, imekuwaje? Hakuna tena haja ya kuitana, wakaambiwa. Wako pamoja.

Ngano yangu imefika changarawe inapoishia. Ikiwa tamu, kula nayo wali. Ikiwa chungu, chumvi iko pale.

Na mafunzo yake ni haya. La kwanza, msiwadanganye wakubwa hata siku moja, ni dhambi, na haina faida. La pili, mtu asile kwa kiasi. Ale, aongeze, arudie, kwa maana mtu wa kiasi hajawahi kushindilia barabara hata mita moja. Mungu anisamehe kwa hilo la pili. Na la kwanza pia, nikilifikiria vizuri.

Masanyiwa, msimamizi wetu, naona unacheka mpaka kofia imedondoka. Unasema nini?

"Nasema Mama Kalunde, unataka kutufanya tembo! Kila bomba la kalavati tukiliweka, nyama, au siyo?"

Hapana, baba. Pimbi alikuwa na hila. Mimi zangu zilioza juzi kikapuni. Nyama ya leo mtakula yote, iko chini ya wali, sikuficha hata mfupa, na mtakula hata mkikataa ninachosema.

Mabomba yenu ya kalavati yamelala pale pembeni, mbuzi wanalala humo ndani. Mawingu mnayaona wenyewe kule juu ya mbuga. Mjukuu wangu sijui hata amefanana na nani.

Naomba muyaweke mabomba kabla ya mvua. Mwanangu yuko ng'ambo.