Dishi la Gwamaka

Hata dishi huomba anga kwa jirani. Baba yenu kausema msemo huo mchana huu, nikawaona mnakonyezana, na wewe Lugano ukauliza tangu lini dishi likaomba. Haya, wekeni simu chini, msogee. Haukutoka kwa wazee wa kale. Ulizaliwa mbele ya macho yangu, hapa hapa Tukuyu, wakati nimepanga chumba cha uani kwa Gwamaka Mwakatobe.

Gwamaka alikuwa seremala hodari wa vitanda, lakini kiburi chake, we acha tu! Aliishi na mama yake, Bibi Kissa, ambaye miguu ilikuwa imemkataa kabisa. Binti wa Gwamaka, Tusekile, alikuwa bweni, shule ya mbali, golikipa wa timu ya wasichana. Ikaja habari kwamba wakifika fainali wataonyeshwa kwenye televisheni. Bibi Kissa akasema, "Gwamaka, yule mtoto nimemlea mgongoni. Nataka nimwone akidaka kabla sijafa." Kumbeba bibi hadi kwa watu haikuwezekana, mgongo nao ulikuwa unamuuma. Basi televisheni ikanunuliwa.

Hapo ndipo lilipozuka swali: kebo au dishi? Mtaa mzima tulishauri kebo. Tukuyu yetu mnaijua, mvua hainyeshi, inaishi humu humu. Na dishi na mvua kubwa havipatani. Watu wa kebo wakaja, wakatazama nguzo iliko, wakasema, "Mzee, waya utapita juu ya bati la jirani yako. Ukaongee naye tu, basi."

Basi? Jirani mwenyewe ni Mama Anyosisye! Wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu siku kuku wa yule mama walipochakura vitunguu vya Gwamaka. Gwamaka alisimama barabarani, watu wanatoka kanisani, akapaza sauti, "Kuku hawa hawana adabu, kama mwenye nao!" Mjane wa watu akainamisha kichwa, akaingia ndani. Mimi nilikuwepo, na aibu ilinishika kana kwamba nimetukanwa mimi.

"Yule simwombi kitu," Gwamaka akawaambia watu wa kebo. "Nafunga dishi. Dishi linaongea na mbingu, na mbinguni sina ugomvi na mtu."

Likafungwa, na lilishika kweli. Picha safi! Mvua ikilikatisha, ikipita linarudi. Gwamaka akawa anatembea kifua mbele. Lakini miezi ilivyokwenda, picha ikaanza kuganda, kisha ikawa inapotea kabisa. Sasa sikieni ajabu yake: jua likiwaka, mbingu nyeupe, hakuna kitu. Ukivuma upepo mkali, picha hiyoo! Fundi akaja, akabadilisha jicho la dishi, akabadilisha waya, akaondoka anakuna kichwa. Wengine wakasema ni jini, wengine wakasema satelaiti imezeeka. Mimi nilikuwa upande wa satelaiti.

Timu ya Tusekile ikafika fainali. Jumamosi yenyewe, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Bibi Kissa kavalishwa khanga mpya, kaketishwa mbele ya kioo cheusi.

"Gwamaka," akauliza, "hilo dishi lako linatazama nini?"

"Linatazama juu, mama."

"Juu wapi?"

Swali hilo lilimwingia. Akatoka, akapanda juu ya stuli, akaweka shavu lake kwenye dishi, akatazama kule linakotazama. Akakaa vile vile kitambo. Mara nikamsikia, "Yesu wangu!"

Lilikuwa tawi la mparachichi wa Mama Anyosisye. Dishi lilipofungwa, tawi lilikuwa jepesi, limesimama. Sasa lilijaa maparachichi, likainama hadi likaziba njia. Upepo ukivuma, linasogea. Upepo ukitulia, linarudi pale pale. Gwamaka akaligeukia panga lake lililokuwa ukutani. Nikamwambia, "Thubutu!"

Akaenda mikono mitupu. Nikamfuata hadi kwenye uzio, nisije nikasimuliwa. Mama Anyosisye alikuwa anapepeta mchele, na wala hakuinua uso.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umekuja kuwafunza kuku adabu?"

"Mama Anyosisye, siku ile asiyekuwa na adabu hakuwa kuku."

Ungo ukatulia.

"Maneno hayo umechelewa nayo," akasema yule mama.

"Nimechelewa mno. Nisamehe. Na leo nina shida. Tusekile anacheza fainali, tawi lako limeziba dishi, na mama yangu amekaa mbele ya kioo analia."

"Tusekile wetu?" Akaweka ungo chini, akainuka. "Kwani ule waya ungepita juu ya bati langu, bati lingeumia? Tawi halikatwi, maparachichi bado machanga. Chukua kamba, panda ulivute!"

Seremala akapanda. Mimi nikakimbilia dirishani.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Imekuja! Usiachie!"

Kila alipolegeza kamba atafute pa kuifunga, picha iliganda, nasi tukampigia kelele, "Usiachie!" Basi akabaki huko huko juu, kakumbatia mti, kamba mkononi. Mama Anyosisye akaingia ndani, akaketi mkekani kando ya Bibi Kissa, akawa anamtangazia Gwamaka kupitia dirishani. Mpira umetoka. Tusekile kaanguka. Tusekile kainuka. Mwishoni kabisa, timu ya Tusekile inaongoza kwa bao moja, akapiga ukelele, "Gwamaka, penalti! Wanatupigia penalti!"

"Ee Mungu! Inakuwaje?"

Kisha vigelegele vikalipuka mle ndani.

"Nini? Jamani, nini?"

Mama Anyosisye akatoka mbio hadi chini ya mti, kitambaa kimemwanguka, machozi yanamtiririka. "Kadaka! Kadaka, Gwamaka! Kaukumbatia mpira tumboni, wenzake wote wamemlalia juu! Mwanao kadaka!" Na Gwamaka akalia huko juu, mwanamume mzima, na kamba bado hajaiachia.

Penalti ile hajaiona mpaka leo. Anayoijua ni ile aliyotangaziwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimtukana barabarani. Mchezo ulipokwisha, akateremka na viganja vimechubuka, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake. Bibi Kissa akavishika vile viganja, akavigeuza, akavitazama, halafu akamtazama Mama Anyosisye aliyekuwa bado anajifuta machozi.

"Umeona, mwanangu?" akasema taratibu. "Hata dishi huomba anga kwa jirani."